Girlschool: wanawake wanne na vyombo vyao

Kila nikiitaja Girlschool hapa Tanga, swali la kwanza ni lilelile: "Na nani anawapigia?" Anayeuliza hana ubaya. Amesikia "bendi ya wanawake", mawazoni mwake wakaja wadada wanne wenye sare na vipaza sauti mkononi, na nyuma yao vijana wa kiume wakiwa na magita, kinanda na dramu. Ndivyo tulivyozoea kuona. Najibu kwamba hakuna anayewapigia. Solo, rithim, besi na dramu wanapiga wenyewe, kuimba wanaimba wenyewe, na kazi hiyo wameifanya tangu mwaka 1978. Hapo ndipo mazungumzo yanaponoga, na kwa kuwa nimeyarudia sana barazani na kwenye harusi za watu, leo nayaandika.

Muziki wao ni roki nzito. Gita la umeme linapitishwa kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka sauti inakwaruza, besi inasukuma chini, dramu hazipumui. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 palizuka wimbi la bendi changa za aina hiyo, wengine mmesikia majina kama Iron Maiden, Saxon na Def Leppard. Girlschool walikuwemo ndani ya wimbi hilo kama wapigaji. Hawakuwa pambo la kupumzisha macho ya watu kati ya bendi moja na nyingine.

Mimi walinifikia kwa njia ya bandari. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na akirudi likizo nyumbani Makorora alikuja na vitu viwili bila kukosa: sabuni za kunukia za mama, na kaseti. Nyingi hazikuwa za dukani, zilikuwa za kurekodiwa na mabaharia wenzake huko melini. Moja ilikuwa na karatasi iliyopauka, na juu yake mjomba kaandika kwa kalamu ya wino wa bluu, kwa herufi kubwa: WANAWAKE – ROKI – LONDON. Hakuandika majina ya nyimbo. Nilikuwa bado msichana wa shule, na redio yetu ilikuwa na spika moja iliyopasuka, kwa hiyo muziki uliokusudiwa kukwaruza ulikwaruza mara mbili. Sikuelewa maneno hata nusu. Nilichoelewa ni kwamba hawa wanaopiga ni wanawake, na hawaombi radhi.

Sasa habari zenyewe.

Kim McAuliffe na Enid Williams walikuwa wasichana wa Wandsworth, kusini mwa London, marafiki tangu shuleni. Mwaka 1975 waliunda bendi ya wasichana iliyoitwa Painted Lady, ikipiga kopi kwenye baa, yaani nyimbo za wengine, kama bendi nyingi zinavyoanza. Kim ameshaeleza kwamba hawakukaa kitako wakapanga kuwa bendi ya wanawake watupu. Walikosa wavulana wa kukubali kupiga nao. Kwa muda mfupi alipita humo Mmarekani mmoja, Kathy Valentine, ambaye baadaye alirudi kwao na kupata jina kubwa akiwa na The Go-Go's, bendi ya wanawake ya huko. Painted Lady ilipovunjika, Kim na Enid walianza upya. Aprili 1978 wakaingia wawili wengine: Kelly Johnson kwenye gita la solo na Denise Dufort kwenye dramu. Jina likawa Girlschool.

Hao wanne ndio niliowasikia kwenye ile kaseti. Kim rithim, Enid besi, Kelly solo, Denise dramu, na kuimba wakipokezana.

Mwaka huohuo walitoa singo yao ya kwanza, "Take It All Away", kwa kampuni ndogo ya City Records. Haikuwatajirisha, lakini ilipita masikioni mwa mtu aliyehitajika: Lemmy, mwimbaji na mpiga besi wa Motörhead. Motörhead ilikuwa bendi ya watu watatu yenye makelele ya watu thelathini, na mashabiki wake walikuwa wanaume wa majaketi ya ngozi na pikipiki. Mwaka 1979 Girlschool wakachukuliwa kufungua maonyesho ya Motörhead katika ziara ya albamu ya Overkill.

Nataka tusimame hapo kidogo. Ukiwa bendi ya kufungua, hakuna aliyelipa kiingilio kwa ajili yako. Watu wamekuja kumwona mwingine, wewe unawachelewesha. Kama umewahi kupiga kwenye ukumbi kabla ya msanii mkubwa kutoka Dar es Salaam hajapanda, unajua ubaridi wa macho yale. Ongeza kwamba nyinyi ni wasichana wenye umri wa miaka ishirini hivi, mbele ya umati wa wanaume waliokuja kusikia kitu kizito kuliko vyote vilivyokuwepo. Hapo uzuri wa sura haukusaidii hata wimbo mmoja, na nguo haikusaidii. Kinachokubeba ni kama dramu na besi zimekaa pamoja. Zao zilikaa. Kampuni ya Bronze Records, ileile ya Motörhead, ikawapa mkataba.

Albamu ya kwanza, Demolition, ilitoka mwaka 1980 na kufika nafasi ya 28 katika chati ya Uingereza. Prodyuza alikuwa Vic Maile, na mwaka huohuo ndiye aliyeisimamia Ace of Spades ya Motörhead, kwa hiyo ukizisikiliza albamu hizo mbili kwa kufuatana utasikia mkono mmoja nyuma yake. Maile hakupenda kuremba. Aliweka vyombo mbele, kila kimoja mahali pake, kama vile wanapiga sebuleni kwako. Rithim ya Kim inakwenda kama cherehani, mshono mmoja ulionyooka tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na sijui kwa nini watu humsahau wanapohesabu wapiga gita wazuri.

Kelly Johnson hawakumsahau. Lemmy aliwahi kumlinganisha, kwa zile siku zake nzuri, na Jeff Beck, mpiga gita mashuhuri wa Uingereza, na Lemmy hakuwa mtu wa kugawa sifa bure. Sisi wa Tanga tuna masikio ya gita la solo. Mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na wazee wa Ngamiani mpaka leo wanaweza kukaa alasiri nzima wakibishana nani alikuwa na vidole. Kwenye dansi solo inatembea na wimbo tangu mwanzo, inajibizana na mwimbaji, na kwenye chemko, wimbo unapochangamka mwishoni, ndipo inapochanua. Kwenye roki nzito solo inangoja. Wimbo unapigwa, kiitikio kinarudi, kisha gita linapewa nafasi fupi ya kusema yote. Wapigaji wengi huijaza nafasi hiyo kwa mbio za vidole. Kelly aliijaza kwa muziki. Unaweza kuziimba solo zake kwa mdomo, na mimi hicho ndicho kipimo changu.

Februari 1981 ndio mwezi wao mkubwa. Girlschool na Motörhead walikuwa wameingia studio pamoja kwa jina la Headgirl, na mwezi huo ikatoka rekodi yao ya nyimbo tatu, St. Valentine's Day Massacre. Wimbo mkuu ulikuwa "Please Don't Touch", wa zamani wa Johnny Kidd. Nyimbo mbili zilizobaki walibadilishana: Motörhead wakapiga "Emergency" ya wasichana, wasichana wakapiga "Bomber" ya Motörhead. Rekodi hiyo ilifika nafasi ya 5 Uingereza. Kwa bendi zote mbili hakuna singo nyingine iliyowahi kupanda zaidi ya hapo.

Na ndani yake kuna jambo ambalo nikimsimulia mpiga dramu yeyote hapa mjini, huacha anachofanya. Phil Taylor, mpiga dramu wa Motörhead, alikuwa ameumia shingo na hawezi kupiga. Basi dramu zote kwenye rekodi ile alipiga Denise Dufort. Yaani Motörhead, ile bendi ya wanaume wa pikipiki, kwenye singo yao iliyopanda juu kuliko zote, aliyekaa nyuma ya dramu ni mwanamke. Walipokwenda kwenye Top of the Pops, kipindi cha muziki kilichotazamwa na taifa zima la Uingereza kwenye televisheni, Denise alikaa kwenye dramu na Phil akasimama mbele pamoja na wengine. Siku nyingine mtu akikwambia dramu ni za wanaume kwa sababu zinataka nguvu, mwekee rekodi hiyo na umuulize anayepiga ni nani.

Aprili ya mwaka huo ikatoka albamu ya pili, Hit and Run, nayo ikafika nafasi ya 5. Agosti wakapanda jukwaani katika tamasha la Reading, Ijumaa usiku, wakiwa ndio bendi kuu. Bendi zote zilizotangulia siku hiyo ziliwafungulia wao. Miaka miwili tu nyuma walikuwa wanawafungulia wengine.

Kwa nini habari hii inanigusa kiasi hiki mimi mtu wa Makorora? Kwa sababu pwani yetu haijawahi kukosa sauti ya mwanamke. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, akiwa kazungukwa na wapigaji wanaume. Hapa Tanga tulikuwa na Black Star Musical Club, na ikatoka Lucky Star, vikundi vilivyoleta gita la umeme na besi ndani ya taarabu na kuibadilisha sauti yake pwani nzima, mpaka Mombasa na kwingineko. Sauti iliyokibeba kipindi hicho ilikuwa ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Kuna watu wazima, wanaume wenye ndevu zao, ambao ukiwawekea Shakila hawawezi kumaliza wimbo bila kufuta macho. Sauti hiyo ilipanda juu ya magita ya wanaume. Sisemi hivi kuwapunguzia heshima wapigaji wale, walikuwa mafundi. Nasema tu kwamba mwanamke alipewa kipaza sauti na kutunzwa noti, ila chombo hakupewa.

Na lile neno la kwamba mkono wa mwanamke haufai kwa ala halina mashiko pwani. Bi Kidude alipiga ngoma ya unyago mpaka uzeeni, akiwa ameifunga kiunoni na kuipanda kama anavyotaka, na hakuna aliyemwambia ana mikono laini. Kwenye unyago na msondo wapigaji ni wanawake. Bibi zetu wamekesha wakipiga. Mlango ukifungwa na wanaume wakatoka, mwanamke anapiga ngoma mpaka ukuta unatikisika. Mlango ukifunguliwa na watu wakalipa kiingilio, ngoma inahamia mikononi mwa kijana wa kiume na bibi anarudi kupiga vigelegele. Hilo ni jambo la kupangwa na watu, na lililopangwa na watu linapangulika. Unguja wameshalipangua: Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake kilichoanzishwa na Bi Mariam Hamdani, wanapiga ala zao wenyewe, fidla, kanuni na vinginevyo.

Mimi nilijifunza gita kwa rafiki wa mjomba, fundi redio wa barabara ya nane. Aliniruhusu kukaa dukani kwake baada ya shule na gita lake la nyuzi tano (ya sita ilikuwa imekatika na hakuona haja ya kuirudisha). Baadaye nikaingia kwenye kikundi kimoja cha taarabu ya kisasa, nikipiga rithim. Sikukaa sana. Kabla ya harusi moja kubwa, kiongozi alinivua gita begani, akampa kijana aliyejiunga juzi, akanipa kipaza sauti. "Una sauti nzuri, mdogo wangu. Watu wanataka kukuona, hawataki kuona gita." Alisema kwa upole, na mimi niliimba usiku ule kwa sababu bwana na bibi harusi hawakuwa na kosa. Vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilikuwa na sugu, ngumu kama kucha, nikawa nazigusa kwa dole gumba kila kijana anapokosea kubadilisha kodi. Nimeshamsamehe yule kiongozi. Wazo lake silisamehe.

Turudi London. Baada ya mwaka 1981 njia ilianza mawe.

Mwanzoni mwa mwaka 1982, wakiwa jukwaani Copenhagen, Kim alipigwa na umeme kutoka kwenye kipaza sauti, nusura afe. Kila mpiga gita anayeimba wa hapa kwetu anaijua hofu hiyo. Nyuzi za gita la umeme zimeunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Kipaza sauti kimeunganishwa na mashine nyingine, inayochukua umeme kwenye tundu jingine. Ardhi za mashine hizo mbili zikiwa sawasawa, hakuna tatizo. Moja ikiwa na kasoro, kunakuwa na tofauti ya umeme kati ya mkono wako na mdomo wako, na ukigusa chuma cha kipaza sauti huku umekamata nyuzi, wewe ndiye unayekuwa waya. Umeme unapita kifuani. Kwenye kumbi zetu, ambako mara nyingi soketi ni ya tundu la tatu lisilo na kitu nyuma yake, tunafunika kipaza sauti kwa sponji, tunasimama juu ya kipande cha zulia, tunavaa ndala za mpira. Kabla ya kuimba nagusa kipaza sauti kwa mgongo wa mkono, kamwe si kwa kiganja, maana kiganja kikipigwa shoti hufumba na kung'ang'ania. Kim alipona na akaendelea kupiga. Nikifikiria kwamba alirudi tena jukwaani kusogeza mdomo kwenye chuma kilekile, nashika kichwa.

Mwaka huohuo Enid aliondoka. Akaja Gil Weston kwenye besi, wakatoa Screaming Blue Murder, nafasi ya 27. Albamu nzuri, ila baada ya nafasi ya 5 kila mtu aliiona imeshuka. Mwaka 1983 wakafanya Play Dirty chini ya Noddy Holder na Jim Lea wa bendi ya Slade, muziki ukalainishwa, kinanda kikaingia, macho yakaelekezwa soko la Marekani. Mashabiki wa zamani waliinung'unikia sana na chati ikaikataa, nafasi ya 66. Mimi naitetea. Nyimbo zenyewe zimetungwa vizuri kuliko za albamu iliyotangulia, na sauti zao zinasikika zaidi. Kosa si kulainisha. Kosa ni kwamba waliovutiwa na kitu kikavu walipewa kitu chenye mafuta bila kuulizwa.

Mwaka 1984 Kelly Johnson naye aliondoka, akaenda Los Angeles, ambako alikuja kupiga muziki na yuleyule Kathy Valentine wa siku za Painted Lady. Kumpoteza mpiga solo ni jambo moja; Kelly alikuwa pia mwimbaji, na ndiye watu waliyemwangalia. Bendi ilichukua wawili kuziba pengo la mmoja: Cris Bonacci, mpiga gita kutoka Australia, na Jackie Bodimead wa kuimba na kinanda. Albamu ya kipindi hicho, Running Wild ya mwaka 1985, siipendi na sitajilazimisha. Ukisikiliza huwezi kujua ni wao. Mwaka uliofuata walirudi kwa Vic Maile na sauti ya zamani kwenye Nightmare at Maple Cross, kisha Take a Bite mwaka 1988, lakini muda ulikuwa umepita. Vic Maile alifariki mwaka 1989.

Hapa ndipo masimulizi mengi ya bendi hukoma. Mtu anataja mwaka wa mafanikio, anataja mwaka wa kushuka, anafunga. Mimi naona miaka inayofuata ndiyo kazi yenyewe. Kuna bendi za wanawake zilizotangulia na kufungua njia Marekani, kama Fanny waliotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1970, na The Runaways walioanza mwaka 1975, na wote ndani ya miaka michache walikuwa wameshasambaratika. Girlschool hawakusambaratika. Walipiga kumbi ndogo, wakapiga matamasha ya nchi za watu, wapiga besi wakaja na kuondoka, na waliobaki tangu ile Aprili ya 1978 mpaka leo ni wawili: Kim McAuliffe na Denise Dufort. Rithim na dramu. Anayeijua bendi kwa ndani ataelewa kwa nini ni hao. Solo akiugua, wimbo utapigwa. Mwimbaji akichelewa, watu wataitikia. Rithim na dramu zikikosekana hakuna cha kupanda juu yake. Tuliowahi kupiga rithim tunalijua hilo na hatutunzwi noti kwa ajili yake.

Mwaka 1993 Kelly alirudi. Akapiga nao kwa miaka kadhaa mpaka alipogunduliwa ana saratani ya uti wa mgongo. Gita la umeme ni zito, linaning'inia begani, na maumivu yake yalikuwa palepale mgongoni. Alipoacha, nafasi yake ilichukuliwa na Jackie Chambers, na Enid naye akarudi kwenye besi kipindi hichohicho. Kelly Johnson alifariki tarehe 15 Julai 2007. Mwaka uliofuata, bendi ilipotimiza miaka 30, walitoa albamu ya Legacy, na waliokuja kuwaunga mkono ndani yake ni watu wazito: Lemmy, Tony Iommi wa Black Sabbath, Ronnie James Dio. Watu hao hawaji studio kwa huruma.

Mwaka 2011 waliirekodi upya Hit and Run nzima, miaka 30 baada ya ile ya kwanza. Nimezisikiliza zote mbili kwa kupishanisha wimbo kwa wimbo. Ya zamani ina haraka ya vijana na ina Kelly, hilo halina mbadala. Ya baadaye ina uzito wa watu wanaojua kila kona ya wimbo, na sauti ya Kim imekauka vizuri. Ikaja Guilty as Sin mwaka 2015, na mwaka 2023 ikaja albamu iliyotajwa kwa umri wa bendi, WTFortyfive?, Tracey Lamb akiwa kwenye besi. Miaka arobaini na mitano! Wanawake wa makamo ya bibi, na Denise bado anapiga dramu zilezile zisizopumua.

Anayetaka kuanza kuwasikiliza, aanze na Demolition na aiache ipigwe mpaka mwisho bila kuruka. Kisha Hit and Run. Kisha ile rekodi ya Headgirl, kwa sauti kubwa, akimsikiliza Denise tu.

Nimeandika haya yote kwa sababu nyingine pia. Uani kwetu Makorora kuna wasichana wanafanya mazoezi. Mmoja ni mpwa wangu. Alianza kwa kupiga ndoo za plastiki kwa vijiti vya mwavuli, na mama yake, dada yangu, alinijia na malalamiko kamili: "Wewe ndiye uliyempa mambo haya." Nilikubali, ndiyo, ni mimi. Tumeafikiana kwamba mazoezi yanafungwa kabla ya adhana ya Magharibi, amplifaya inazimwa na wala si kupunguzwa, na madaftari ya shule yanakaguliwa kwanza. Dada sasa anakuja kukaa na ungo wake wa mchele karibu na mlango. Anasema anachambua mchele. Mchele gani huo unaochambuliwa mpaka wimbo uishe?

Hawapigi roki, si yote. Wanapiga chakacha, wanapiga nyimbo za Shakila kwa mwendo wa haraka, na wiki iliyopita waliingiza kipande cha "C'mon Let's Go" ya Girlschool katikati ya wimbo wa harusi, nikacheka kwa furaha mpaka nikakaa chini. Anayeshika rithim ana umri wa miaka kumi na sita na mkono wake umenyooka kuliko wangu ulivyowahi kunyooka. Kwenye harusi ya kwanza waliyopewa, mtu mzima mmoja alizunguka nyuma ya turubai akitafuta spika zimeunganishwa na nini, akiamini ni sidii inayopigwa. Akarudi mbele akasimama karibu na dramu mpaka mwisho wa wimbo, kisha akatunza, na noti akaiweka kwenye dramu, hakuipeleka kwa mwimbaji.

Besi ndiyo hatuna. Tunaazima kwa jirani wa Chumbageni, naye ana bendi yake na Jumamosi analihitaji. Kama upo Tanga, Muheza au Pangani, na unalo gita la besi limelala uvunguni tangu kikundi chenu kivunjike, niandikie hapo chini tulizungumze, kwa kununua au kwa kuazima. Hata kama halina nyuzi, nyuzi tutatafuta.